Je, masanduku ya maua yanaweza kushikilia pergola barazani bila kutoboa sakafu?

Mpangaji wa Kigamboni

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Naomba ushauri wenu, hasa wa wale wenye uzoefu wa ujenzi na wa bustani, juu ya jambo ambalo limenitatiza kwa majuma mawili sasa.

Nimepanga nyumba Kigamboni, mita kama mia nne kutoka baharini. Nyuma ya nyumba kuna baraza la wazi lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 5, lililotandazwa vigae, na kuanzia saa tano asubuhi hadi magharibi halikaliki kwa jua. Nimekusudia kusimamisha pale pergola ya mbao yenye ukubwa wa mita 4 kwa 3 na kimo cha mita 2.4, yenye nguzo nne, boriti mbili na papi zilizoachana juu yake, kisha baadaye nipandishe mmea wa kutambaa. Mbao nimekwishazinunua, ni za msonobari zilizotiwa dawa, na nguzo ni za sentimita 10 kwa 10.

Shida yangu ni namna ya kuishikilia. Mkataba wa upangaji hauniruhusu kutoboa sakafu wala ukuta. Mwenye nyumba ni mtu muungwana, lakini chini ya baraza hilo kuna karo na mabomba ya maji taka, na yeye mwenyewe hakumbuki tena mabomba hayo yalipita wapi, kwa hiyo hataki kusikia habari ya drili. Ndipo nikafikiria kwamba kila nguzo isimame ndani ya sanduku kubwa la maua lenye upana wa sentimita 60 kila upande na kimo cha sentimita 60, na uzito wa udongo uwe ndio unaoizuia pergola isiondoke.

Maswali yangu ni haya. Kila sanduku liwe na uzito wa kilo ngapi ili kusi ya mwezi wa sita na wa saba isilichezee? Udongo peke yake unatosha, au nimwage zege chini? Na nguzo ya mbao inayokaa ndani ya udongo unaomwagiliwa kila jioni itadumu muda gani kabla ya kuoza? Naongeza pia kwamba mke wangu angependa tufunike juu kwa turubai wakati wa masika, na mimi nina wasiwasi na jambo hilo ingawa sijui kueleza kwa nini.

Pwani Kwetu

Mkuu, unajipa kazi kubwa bure. Zungumza na mwenye nyumba akuruhusu matundu manne tu kwa kila nguzo, funga kwa boliti za kupanua, na siku ukihama uzibe kwa saruji nyeupe ya vigae. Hakuna atakayeona.

Mpangaji wa Kigamboni

Ahsante, mkuu. Hata kama angekubali, kuna jambo nililigundua jana nilipochungulia ukingo wa baraza upande wa bustani, pale ambapo kipande kimevunjika. Zege lenyewe lina unene wa sentimita 7 tu, halina nondo hata moja, na chini yake ni kifusi na mchanga. Sidhani kama boliti ingepata kitu cha kushika.

Mhandisi Mstaafu

Ndugu mpangaji, umechungulia mahali panapostahili, na wengi hawachungulii. Boliti ya kupanua hushika kwa kulisukuma zege linaloizunguka. Katika zege la sentimita 7 lisilo na nondo, tena lililokaa juu ya kifusi, ikivutwa kwa nguvu itang'oka na bonge la zege lenye umbo la pia. Kwa hiyo kutotoboa sakafu hakukukoseshi kitu.

Sasa niseme juu ya uzito, maana hilo ndilo swali lenyewe. Watu wakifikiria upepo na pergola huwaza kunyanyuliwa, kwa sababu wote tumewahi kuona bati likipaa. Lakini pergola iliyo wazi juu hainyanyuki kirahisi, kwa kuwa upepo hupita kati ya papi. Kinachotangulia ni kuteleza. Nguzo nne zilizosimama juu ya vigae vyenye unyevu ni kama meza yenye miguu minne: ukitaka kuiondoa mahali pake huhitaji kuipindua, unaisukuma tu.

Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, hukandamiza kila mita ya mraba ya kitu bapa kinachoukabili kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 25 hivi. Ukifika mita 25 kwa sekunde, ambazo ni kilomita 90 kwa saa, kilo hizo huwa 39. Mimi ningekupigia hesabu kwa hiyo ya pili, kwa sababu uko karibu na bahari na hakuna jengo la kukukinga upande huo.

Tuchukue pergola yako ikiwa wazi. Nguzo nne na boriti mbili za mita 4, zenye kimo cha sentimita 15 kila moja, zinaukabili upepo kwa eneo la mita za mraba 2 na kidogo. Kwa kuwa mbao hizo zina kona kali, upepo huzisukuma zaidi kuliko eneo lake peke yake linavyoonyesha, kwa hiyo nazidisha kwa moja na nusu, na napata msukumo wa ubavuni wa kilo 130 hivi. Juu ya vigae vilivyolowa, kitu hukataa kuteleza kwa nguvu ya asilimia 30 ya uzito wake. Vikiwa vikavu huenda ikafika 40, lakini mvua na upepo mkali huja pamoja. Ili kupambana na kilo 130 unahitaji basi uzito wa kilo 430 kwa jumla, na hapo ndipo pergola inapokuwa ukingoni kabisa mwa kuteleza. Weka akiba ya nusu yake tena, utafika kilo 650. Mbao zako zenyewe nazikadiria kilo 150. Zinazobaki ni kilo 500, ambazo ukizigawa kwa nne ni kilo 125 kwa kila sanduku. Hicho ni kiwango cha chini kabisa kwa pergola isiyofunikwa.

Wasiwasi wako juu ya turubai ni wa haki kabisa. Ukitandaza turubai juu ya mita za mraba 12, karibu na ukuta wa nyumba unaozuia upepo usitoke upande wa pili, upepo uleule unaweza kulivuta juu kwa nguvu ya kilo 330 hivi. Kilo hizo zinatoka katika uzito ule unaokusaidia usiteleze. Kwa maneno mengine, mwenye masanduku ya kilo 60 kila moja, ambaye pamoja na mbao ana kilo 390, anajikuta amebakiwa na kilo 60 tu zinazokaa chini, na msukumo wa ubavuni uko palepale. Na pasipo upepo kuna maji: sentimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo 10, na turubai lililolegea katikati likikusanya dimbwi la sentimita 5 juu ya mita 4 za mraba limejitwika kilo 200 mahali ambapo papi zako hazikutarajia. Kama lazima mfunike, tumieni shedi neti, ambayo hupitisha sehemu ya upepo na maji yote, na iwe ya kuondolewa haraka. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, onyo lilikuja mapema. Aliyekuwa na kitambaa cha kukunja alikuwa na muda wa kukikunja.

Jambo la mwisho, ambalo naona halijaulizwa: uzito mkubwa chini hauna maana ikiwa nguzo inacheza ndani ya sanduku, au ikiwa maungio ya juu ni misumari miwili mitatu. Msukumo ule wa kilo 130 ukigawanywa kwa nguzo nne, kila nguzo inabeba kama kilo 33, na kwa sababu zinasukuma juu, zinajaribu kulipindua sanduku. Sanduku la kilo 250 lenye upana wa sentimita 60, likiachiwa kazi hiyo peke yake, linahimili kwa shida. Weka mikono ya mshazari kwenye kila kona, kutoka kwenye nguzo kwenda kwenye boriti na kwenda kwenye papi ya mwisho, yenye urefu usiopungua sentimita 60, ifungwe kwa boliti. Mikono hiyo inafanya pergola yote iwe kitu kimoja, na kazi ya kila sanduku inapungua karibu nusu.

Nakuomba uichukue hesabu hii kama makadirio ya mtu ambaye hajaliona baraza lako.

Mama Bustani, Tanga

Mwanangu, mhandisi amesema vizuri, nami nitaongeza habari ya udongo, kwa sababu udongo ndio umenitia aibu.

Miaka mitatu iliyopita niliwekewa pergola kama yako kwenye baraza la mbele, nguzo zikasimama ndani ya mapipa ya plastiki yaliyokatwa nusu, tukajaza udongo wa kupandia niliouchanganya mwenyewe: mboji, samadi na pumba za mpunga kwa wingi, maana nilitaka mizizi ipumue. Mimea ilistawi ajabu. Basi, ilipofika Juni, asubuhi moja nikifagia nikaona mchirizi mweupe juu ya kigae, karibu na pipa la upande wa baharini, urefu wake kama shubiri. Nikafikiri watoto wamevuta kiti. Baada ya siku tatu mchirizi ulikuwa umefika shubiri mbili, na pembeni mwa kila pipa kulikuwa na mwingine unaofanana nao, yote ikielekea upande mmoja. Pergola ilikuwa inatembea usiku. Haikuanguka, la hasha. Ilikuwa inahama polepole tu kuelekea kwenye dirisha la sebule, ikiwa na asumini yangu yote mgongoni.

Hapo ndipo nilipochukua ndoo ya lita 20 na mizani ya kupimia nazi. Mchanganyiko wangu ule ukiwa mkavu, ndoo nzima ilikuwa na kilo 8. Ukiwa umelowa, kilo 15. Udongo wa kawaida wa kichanga niliouchota nyuma ya nyumba ulikuwa na kilo 28 ukiwa mkavu na kilo 34 ukilowa. Kwa hiyo udongo mzuri kwa mmea ndio mwepesi, na udongo mzito si ule mmea unaoupenda. Isitoshe, uzito wa udongo hubadilika kila siku: ukisafiri juma moja na msichana wa kazi akasahau kumwagilia, sanduku lako limepungua uzito bila wewe kujua, na kusi haingoji urudi. Usiutegemee udongo kwa hesabu ya mhandisi. Uzito utoke kwenye kitu kisichokauka, na udongo uwe wa mmea tu. Ukiongeza uzito, iwe ni baraka.

Kuhusu mmea, kwa sanduku lenye zege chini nakushauri bogenvilia. Inavumilia mizizi kubanwa, tena ikishibishwa maji sana hutoa majani badala ya maua. Pashoni ni mlafi, anataka udongo mwingi na maji kila siku, na akishika vizuri hufunika juu kwa majani mazito kama blanketi, jambo ambalo kwa maelezo ya mhandisi naona ni sawa na turubai lililo hai. Hata bogenvilia uipogoe kabla ya kusi, mwezi wa tano, usiionee huruma. Na masanduku yako uyaongeze kimo yawe sentimita 75, upate angalau sentimita 35 za udongo juu ya hilo zege. Chini ya hapo utakuwa unapanda mchicha.

Fundi Chuma, Temeke

Ndugu mpangaji, na mama yetu wa Tanga, shikamoo. Mimi ni fundi wa kuchomelea, na kazi za namna hii nimezifanya kadhaa kwa wapangaji, kwa hiyo nitaeleza ninavyozifanya.

Kosa la kwanza ninaloliona ni kumwaga zege ndani ya sanduku moja kwa moja, nguzo ikiwa katikati. Linashika vizuri sana, lakini siku ya kuhama una bonge la kilo 180 lisilotoka mlangoni, na nguzo iliyofungwa humo milele. Mimi hufanya zege la vipande. Kila sanduku linakuwa na bamba la chuma la sentimita 50 kwa 50 lenye unene wa milimita 6, ambalo lenyewe lina kilo 12 hivi. Katikati yake nachomelea kipande cha skwea paipu ya milimita 75, kimo chake sentimita 80, kwa hiyo kinapita kimo cha sanduku na kuchomoza juu ya udongo. Kisha unamwaga mabamba matatu ya zege ya sentimita 50 kwa 50 yenye unene wa sentimita 10, kila moja likiwa na tundu la mraba la sentimita 9 katikati. Mabamba hayo yanavishwa kwenye paipu moja juu ya jingine, kama mtu anavyovisha chapati kwenye kijiti. Kila moja lina kilo 58 hivi, watu wawili wanalinyanyua bila kuumia mgongo, hasa ukitega nondo ya milimita 8 iliyokunjwa kama mkono wa ndoo pande mbili wakati wa kumwaga. Fomu tengeneza moja tu ya mbao, ipake mafuta machafu ya gari, na utoe bamba moja kila siku. Kwa mabamba 12 unahitaji zege la mita za ujazo 0.3, kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, mifuko miwili ya kilo 50 inatosha. Yamwagilie maji kwa juma zima kabla ya kuyabeba, usiwe na haraka.

Juu ya paipu, sentimita tano juu ya udongo, naweka kiatu cha chuma chenye umbo la U, na nguzo ya mbao inaingia humo na kufungwa kwa boliti mbili za milimita 12 zinazopita upande hadi upande. Hilo ndilo jibu la swali lako la kuoza: mbao haigusi udongo kabisa. Dawa iliyotiwa kwenye mbao za msonobari inasaidia, lakini ukiikata nguzo kwa msumeno umefungua mahali ambapo huenda dawa haikufika, na ncha hiyo ukiizika kwenye udongo wenye maji kila jioni, mchwa na ukungu watashindana. Chuma nacho, kwa umbali wako kutoka baharini, kitaliwa na chumvi usipokipaka. Kama unamudu, kipeleke kikachovywe zinki. Kama humudu, paka redi oksaidi mara mbili na rangi ya mafuta mara mbili, na mahali paipu inapotokea kwenye udongo uongeze koti la lami, kwa sababu hapo ndipo kutu huanzia.

Chini ya bamba naweka vipande vinne vya mpira wa tairi, mpira uleule wa kutengenezea katambuga. Vinazuia chuma kisikwaruze vigae, vinashika sakafu, na vinaacha nafasi ya maji kupita. Usisahau kutoboa bamba la chuma matundu manne pembeni, na mabamba ya zege uyakate kona kidogo, ili maji ya kumwagilia yashuke. Sanduku lisilotoa maji linaua mmea, kisha linazaa mbu.

Mhandisi Mstaafu

Mpangilio wa fundi ni mzuri, na nimeupigia hesabu. Bamba la chuma kilo 12, zege kilo 174, sanduku lenyewe la mbao tuseme kilo 15, na udongo mkavu wa sentimita 35 tuukadirie kwa ndoo ya mama wa Tanga iliyo nyepesi, yaani kilo 35 tu. Jumla ni kilo 236. Masanduku manne pamoja na mbao za pergola yanafika kilo 1,090 na zaidi, na upinzani wa kuteleza juu ya vigae vilivyolowa ni kilo 327, dhidi ya msukumo wa 130. Mmeshapita mahitaji mara mbili na nusu hata udongo ukiwa umekauka kabisa. Mpira wa tairi sikuuhesabu. Uwe ni akiba.

Hata hivyo, tundu la sentimita 9 na paipu ya sentimita 7.5 zinaacha nafasi. Gongeni kabari za mbao ngumu katika bamba la juu, ama sivyo nguzo itatikisika na maungio ya juu yatalegea ndani ya mwaka mmoja.

Mjenzi wa Nyali

Samahani kwa kuingia nikiwa nimechelewa. Mambo mawili tu.

Kwanza, kwa wengine watakaousoma mjadala huu wakiwa na baraza la juu ya dari, kama wengi huku Mombasa: msiyaige masanduku haya kabla ya kuzungumza na mhandisi wa jengo. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida hukusudiwa kubeba mzigo wa kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba, na sanduku la kilo 236 lililokaa juu ya eneo la mita za mraba 0.36 ni sawa na kilo 650 kwa kila mita ya mraba mahali pale lilipo. Ardhini si neno. Ghorofani linapaswa kukaa juu ya boriti au nguzo ya jengo, si katikati ya slabu.

Pili, kwako wewe ndugu mpangaji. Umesema chini ya baraza kuna karo. Kabla ya kuweka hata sanduku moja, tafuta mfuniko wake na chemba zake zote. Mfuniko wa karo mara nyingi ni slabu nyembamba iliyoegemea kingo za ukuta tu, na sijui nani aliimwaga na kwa nondo gani. Usiutwike kilo 236. Isitoshe karo litajaa siku moja, na gari la kunyonya maji taka litahitaji kufungua mfuniko huo. Hutaki kubomoa pergola ili choo kifanye kazi. Kugundua mahali ulipo, gonga vigae kwa mpini wa nyundo: penye uwazi chini pana mlio wa ngoma.

Mpangaji wa Kigamboni

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa kazini hasa, si kwenye maandishi. Nawashukuru wote, mama wa Tanga, shikamoo.

Niligonga vigae vyote kama nilivyoelekezwa, na nikachora kwa chaki kila mahali palipotoa mlio wa ngoma. Lilitokea umbo la mstatili lenye urefu wa mita mbili na nusu hivi, na masanduku mawili kati ya manne yangeangukia juu ya ukingo wake kabisa. Nikaona nisipunguze pergola. Nguzo mbili za upande huo nimezisogeza ndani kwa sentimita 60, na boriti zimebaki na urefu wake wa mita 4, zikijitokeza nje ya nguzo upande mmoja. Naomba mhandisi aniambie kama nimekosea.

Mabamba 12 ya zege yalichukua siku 12 kweli, kwa fomu moja. La kwanza lilivunjika kwa sababu nilikuwa na haraka ya kulitoa, kwa hiyo ukweli ni kwamba yalikuwa 13. Mikono ya mshazari imewekwa, kabari zimegongwa, na nilipomtuma kijana wa jirani mwenye kilo 90 asukume nguzo moja kwa bega, pergola yote iliitika pamoja lakini haikusogea. Turubai tumeafikiana kuliacha. Tumenunua shedi neti, imeshikiliwa kwa ndoano, na mke wangu ameiondoa peke yake kwa dakika sita akiwa amesimama juu ya stuli. Bogenvilia mbili zimepandwa.

Nimebakiwa na jambo moja dogo, na ni la fundi. Mpira wa tairi umeanza kuacha doa jeusi juu ya vigae vyeupe pembeni mwa masanduku, na mwenye nyumba ameshaliona. Niweke karatasi ya nailoni katikati?

Mhandisi Mstaafu

Kujitokeza kwa sentimita 60 hakuna tatizo kwa boriti ya sentimita 15, mradi mkono wa mshazari wa ndani upo. Ila upana kati ya nguzo sasa umepungua kuwa mita 3.4, kwa hiyo usitundike bembea kwenye ncha ile iliyojitokeza. Nailoni usiweke kabisa. Itakuwa kama umepaka sabuni chini ya kilo elfu moja.

Fundi Chuma, Temeke

Mpira umeukata mkubwa, ndugu. Mtafute yule kijana wa kilo 90 pamoja na mti wa kupigia mwenzo, mnyanyue sanduku upande mmoja kwa sentimita mbili tu, kisha kwa kisu kikali ukate mpira uingie ndani ya ukingo wa bamba kwa sentimita mbili kuzunguka. Doa la nje lisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, halafu sabuni na maji. La chini halionekani. Hilo utalisugua siku ya kuhama.